Jibu lilikuwa sahihi, mabano ndiyo yaliyokosekana

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili hapa Wete alinifuata baada ya kipindi, simu mkononi. "Mwalimu, mie nimepata 2x³ + 5x² − 22x + 15, lakini kikokotoo cha mtandaoni kimenipa −3x² + 6x − 5. Nimekosea wapi?" Jibu lake alikuwa ameshalifuta daftarini. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu lilikuwa sahihi.

Swali lilikuwa kuzidisha (2x − 3)(x² + 4x − 5). Nikamwambia, "Hebu nioneshe ulivyoandika, mwanangu." Alikuwa ameandika 2x-3*x^2+4x-5, bila ya mabano. Kwa maandishi hayo, 3 inazidishwa na x² peke yake, na vilivyobaki vinajumlishwa na kutolewa tu. Kikokotoo kilijibu sawasawa swali ambalo si la skuli wala si lake.

Basi kila polinomia, yaani fungu kama 2x − 3 au x² + 4x − 5, iwe ndani ya mabano yake. Alama ya kuzidisha ni nyota, si herufi x, na kipeo, ile namba ndogo ya juu kama 2 kwenye x², hutanguliwa na ^. Ukitumia vikokotoo vya mtandaoni kama WolframAlpha au GeoGebra, andika expand((2x-3)*(x^2+4x-5)). Neno hilo la mwanzo ndilo linaloamuru mabano yafunguliwe.

Ipo dalili ambayo ingemzuia asifute. Polinomia ya kwanza ina kipeo kikubwa 1, ya pili 2. Kipeo kikubwa cha jibu lazima kiwe jumla yake, 3. Jibu linaloishia kwenye x² lingetosha kumtia shaka kabla hajagusa kifutio.

Nikitaka wanafunzi waone mabano yanafunguka vipi, huwaambia wafikirie jamvi la kuanikia karafuu. Urefu wake x + 3, upana x + 2. Ligawe mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana, utapata vipande vinne: x², 2x, 3x na 6. Ukivishona pamoja ni x² + 5x + 6. Anayeandika x² + 6 ametupa vipande viwili, na karafuu zake zitamwagika chini. Kosa hilo ndilo ninalolisahihisha kuliko lolote, hasa kwenye (x + 3)², ambapo wengi huandika x² + 9 na kuisahau 6x ya katikati. Neno aljebra lenyewe linatokana na Kiarabu, al-jabr, lililomo katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi aliyeishi Baghdad karne ya 9, na yeye pia alithibitisha kanuni zake kwa kuchora miraba na mistatili.

Kwenye swali la mwanafunzi wangu kuna alama za kutoa, na jamvi lenye upana hasi halipo. Hata hivyo idadi ya vipande haibadiliki: viwili mara vitatu, sita. 2x inatoa 2x³, 8x² na −10x. −3 inatoa −3x², −12x na +15. Ukikusanya vyenye kipeo kimoja unapata jibu lake lile lile. Vihesabu vipande kabla ya kukusanya, maana ukishakusanya huwezi tena kujua kipi kilipotea.

Kwenye mtihani simu haiingii, kwa hiyo nawafundisha pia kujikagua kwa kuweka namba moja mahali pa x, kwenye swali na kwenye jibu, waone kama zinalingana. Wengi hupenda x = 1 kwa wepesi wake, lakini 1 ina udhaifu: ukiipa kipeo chochote inabaki 1, kwa hiyo aliyeandika 5x badala ya 5x² hatagundua kitu. Mimi natumia 2. Swali linakuwa 1 × 7, yaani 7. Jibu la mwanafunzi: 16 + 20 − 44 + 15, saba. Lile la kwenye simu: −12 + 12 − 5, hasi tano.