Sola ya bure Marekani? Hapana

Hii stori kwamba Marekani serikali inawafungia watu sola bure imezunguka miaka hapa Dar, ukienda Kariakoo kuulizia paneli hukosi mtu wa kukupa. Sio bure jamani. Mwenye nyumba alikuwa anajilipia mwenyewe kila kitu, halafu 30% ya gharama inapunguzwa kwenye kodi yake ya mapato, yaani katumia dola 20,000 basi kodi anayodaiwa inashuka dola 6,000, na kama kodi yenyewe haifiki huko hapewi keshi, kinachobaki kinasogezwa mwaka unaofuata. Na hata hiyo imefutwa kwa gharama za baada ya 31 Desemba 2025. Kwetu nafuu haina kelele: paneli zina msamaha wa VAT, ile 18%.