Siku ya Dunia: maana yake na seneta aliyeiasisi

Siku ya Dunia huadhimishwa kila tarehe 22 Aprili. Wengi huichanganya na Siku ya Mazingira Duniani ya tarehe 5 Juni, na si ajabu, majina yanakaribiana mno. Ile ya Juni ilitangazwa na Umoja wa Mataifa. Hii ya Aprili ilianza Marekani mwaka 1970, na mwasisi wake ni Gaylord Nelson, seneta wa jimbo la Wisconsin.

Nelson alikuwa na rekodi tangu zamani. Akiwa gavana mwaka 1961, alianzisha mpango wa kununua ardhi ya mbuga na maeneo oevu kwa kodi ya senti moja kwa kila pakiti ya sigara. Senti moja tu, na jimbo likajipatia hifadhi! Lakini alipoingia Seneti mwaka 1963, alikuta wenzake hawana habari na mambo hayo. Akamshawishi Rais Kennedy azunguke nchini kuhimiza uhifadhi, na bado watu hawakushtuka.

Januari 1969 kisima cha mafuta kilipasuka baharini karibu na Santa Barbara, California. Nelson alikwenda kujionea fukwe zilizochafuka. Baadaye, akiwa ndani ya ndege, akasoma habari za makongamano ya wanafunzi ya kupinga vita vya Vietnam. Akajiuliza: mbona mazingira yasipiganiwe hivyohivyo?

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Angeweza kuifanya shughuli ya serikali, yenye hotuba na wageni rasmi. Badala yake alimwomba mbunge wa chama pinzani, Pete McCloskey, washirikiane, na uratibu akamwachia kijana wa miaka 25, Denis Hayes. Kila mji na kila shule ikajipangia yake. Watu wapatao milioni 20 walijitokeza.

Kwa hiyo maana ya asili ya siku hii ni wananchi kuwabana watunga sheria. Kupanda mti ni jambo jema, ila mwaka ule watu walidai sheria, wakazipata: kabla ya 1970 kwisha, Marekani ilikuwa na wakala wa kulinda mazingira na sheria kali ya hewa safi. Ya maji ikafuata mwaka 1972.

Nelson alishindwa uchaguzi wa 1980, akaendelea kutetea uhifadhi nje ya Seneti. Alifariki Julai 2005, akiwa na miaka 89.