Waliokosekana kwenye orodha yako ya washiriki

Kazi yangu ni kukaa na watu wakitumia simu au kompyuta, nitazame wanakwama wapi, kisha nikawaeleze wanaotengeneza. Siku hizi kampuni nyingi, za hapa Mombasa na za Nairobi, zinanijia na ombi moja: "Tutafutie watu wenye ulemavu watujaribie programu yetu." Wanachotarajia ni namba ya simu ya chama fulani. Mimi huanza kwa kuuliza: hao washiriki wengine huwa mnawaalika vipi?

Mara nyingi ni kwa fomu ya mtandaoni. Kiungo kinatupwa kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu anajaza jina, umri na aina ya simu, halafu anachagua siku. Sasa, kalenda ya fomu ile kisomaskrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kilicho kwenye skrini, hakiipiti, kuna zile picha za kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na maelezo yote ni Kiingereza cha ofisini. Anayefika mwisho ni kijana wa chuo asiyeona, ana simu nzuri na ameizoea TalkBack, kisomaskrini cha simu za Android, miaka mingi. Anakuja, anaipita programu bila taabu kubwa, na ripoti inaandikwa kuwa watumiaji wasioona hawakupata tatizo. Ni kweli, yeye hakupata. Waliopata walibaki kwenye fomu.

Kwa hiyo kabla sijaangalia programu, naangalia mwaliko. Fomu naiacha kwa anayeitaka, lakini naweka pia namba ya kupiga, namba ya kutumiwa ujumbe mfupi, na nafasi ya kutuma sauti au video ya lugha ya ishara kwa WhatsApp. Haigharimu kitu.

Swali la kumchagua mshiriki nalo lina mtego. Ukiuliza "Je, una ulemavu?" utawapata waliokwisha kujiita hivyo. Mzee wa Majengo ambaye kisukari kimemla macho atakwambia hana ulemavu wowote, ni uzee tu, mwanangu. Sensa ya 2019 ilitumia maswali ya Washington Group, kundi la kimataifa la wataalamu wa takwimu za ulemavu, ambayo hayataji ulemavu hata kidogo: je, una ugumu wa kuona hata ukivaa miwani? Wa kusikia? Wa kutembea au kupanda ngazi? Wa kukumbuka au kumakinika? Wa kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Wa kuwasiliana kwa lugha uliyoizoea? Majibu ni manne, kuanzia hakuna ugumu hadi siwezi kabisa. Sensa ile ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu wote duniani. Sidhani sisi ni wazima kuliko walimwengu. Kwa desturi ya maswali hayo, anayehesabiwa ni aliyejibu kwamba ana ugumu mkubwa au hawezi kabisa. Anayesema "kidogo" haingii kwenye hesabu, na huyo ndiye anayesogeza simu mpaka puani ili asome ujumbe wa benki. Mimi namwita naye.

Pa kuwatafutia pako. Bombolulu kuna karakana zilizoanzishwa 1969 na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK. Likoni kuna shule ya wasioona, na Port Reitz kuna ya wenye ulemavu wa viungo. Nawaheshimu sana watu wa huko, ila wamechoka nasi watafiti, kila mwezi mgeni mwingine na daftari lake. Tena wao wamejipanga, wana viongozi na wanajua haki zao. Mama wa Mtongwe anayeuza viazi karai mlangoni kwake, hajawahi kujiunga na kikundi chochote, hayuko kwenye orodha ya mtu. Huyo nampata kupitia wahudumu wa afya wa jamii, imamu, au jirani aliyeshiriki kabla yake. Ni polepole, na lazima mteja aambiwe hivyo mapema.

Baada ya hapo kuna suala la mahali. Kumwita mtu wa kiti cha magurudumu ofisini ghorofa ya tatu mjini ni kumwomba akunje kiti, akitie kwenye tuktuk, avuke feri ya Likoni katika msongamano wa asubuhi, halafu agundue lifti haifanyi kazi. Namuuliza yeye anapendelea wapi. Wengi husema njoo nyumbani, nami nafurahi, kwa sababu huko naikuta simu yake halisi: kioo kimepasuka, hifadhi imejaa, sauti ya kisomaskrini imewekwa anavyotaka yeye. Ubaya wa nyumbani ni feni, ambayo huwezi kuizima Februari na ambayo inavuma kwenye rekodi nzima, basi nabeba kipaza sauti cha kubana kwenye kola. Nyakati za swala nazipanga nje ya kikao tangu mwanzo.

Nyumbani pia kuna watu. Unamuuliza kijana swali, shangazi anajibu: "Huyu hajui mambo ya simu, niulize mimi." Kumnyamazisha shangazi ni utovu wa adabu na kutaharibu kikao chote. Namwambia, "Shangazi, wewe nina maswali yako, nakuja kwako sasa hivi," na kweli naenda. Msaidizi ni sehemu ya utafiti. Mara ngapi nimekuta kwamba namba ya siri ya pesa anaijua mpwa, kwa sababu skrini ya kuiandika haisomeki, au kwa sababu huduma ya USSD, ile ya kupiga namba yenye nyota na reli, inajifunga kabla msikilizaji hajamaliza kusikia menyu? Hilo hutaliona ofisini, na takwimu za kampuni zitaonyesha mteja anayefanya miamala kila siku bila shida. Kwa majaribio ya pesa natumia akaunti ya mfano. Namba ya siri ya mtu siitaki hata nikiombwa kuishika.

Idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti, kwa hiyo sijazi daftari langu na majina ya magonjwa. Kubuni skrini sihitaji kujua alipofushwa na nini. Nahitaji kujua anatumia kisomaskrini, anakuza maandishi, au anategemea mtu. Fomu ya idhini naituma siku kabla kama maandishi ya kawaida kwenye WhatsApp, si picha iliyoskaniwa, ili simu yake imsomee akiwa peke yake, bila mimi kumsimamia na kalamu mkononi. Akikubali kwa sauti, narekodi sauti. Mshiriki kiziwi anakubali kwa ishara, narekodi video.

Hapo kwa viziwi kuna jambo linalowashangaza wenzangu wa Pwani. Tunadhani tukitafsiri kila kitu kwa Kiswahili tumemrahisishia kila mtu wa Mombasa. Lakini katika mitihani ya kitaifa mwanafunzi kiziwi hufanya Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili, na maandishi mengi aliyoyasoma shuleni ni ya Kiingereza. Kwa hiyo unaweza kukaa na kijana wa Kisauni, jirani zake wote Waswahili, naye Kiswahili cha maandishi ni kigeni kwake kuliko Kiingereza. Muulize. Usikisie kwa mtaa wala kwa jina lake.

Kikao cha kiziwi kinahitaji wakalimani wawili wa kupokezana, maana mikono na akili huchoka. Mkalimani akae ubavuni mwangu, asiwe na dirisha mgongoni, kwani kwa jua letu atageuka kivuli kitupu. Maswali namuelekezea mshiriki, namtazama yeye. Na jambo linalosahauliwa na karibu kila mtu: akiwa anaangalia simu, nanyamaza. Macho hayawezi kuwa kwenye skrini na kwenye mikono ya mkalimani kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo ile mbinu yetu kuu, ya kumwomba mtu aseme kila anachofikiri huku akifanya kazi, inapovunjika. Kiziwi akiishika simu mikono yake imefungwa. Asiyeona akisema, anaifunika sauti ya simu, na simu ikisema inamfunika yeye. Nimeacha kuwaomba. Nampa mtu kazi moja fupi, anaifanya kimya, tunasimama, ananieleza. Ikiwa ndefu, tunarudia rekodi pamoja. Jiandae pia kwamba skrini inaweza kuwa nyeusi tii: wasioona wengi huizima ili watu kwenye matatu wasichungulie, na kasi ya sauti yao hutaifuata. Usimwombe apunguze kasi. Muulize kama utaruhusiwa kurekodi simu yake, usikilize polepole nyumbani kwako.

Mfano mmoja wa vitu vinavyotoka. Programu ya kukata tiketi za basi la Nairobi ilikuwa na mchoro wa viti. Ukiutazama ni mzuri. Kwa TalkBack unatelezesha kidole kulia, kitu baada ya kitu, na unachosikia ni kitufe, kitufe, kitufe, viti arobaini na kitu visivyo na namba, huku saa ya kushikilia kiti inahesabu kurudi nyuma bila kusema. Hilo, kusema kweli, halikuhitaji mshiriki. Miongozo ya WCAG, ya kimataifa ya kufanya tovuti na programu zitumiwe na wenye ulemavu, inataka kila kitufe kiwe na jina, mtu aweze kuongeza muda, maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na toleo la 2.2 la 2023 likaongeza kwamba pa kugusa pasiwe chini ya pikseli 24 kwa 24. Kenya nayo ina kiwango chake cha ufikivu, KS 2952. Hayo yapimwe na kurekebishwa kwanza. Usimvushe mtu feri aje akwambie kitufe hakina jina.

Tulipoyamaliza hayo ndipo washiriki wakatupa ambayo hakuna kipimo kingeyapata. Mshiriki kiziwi alikata tiketi vizuri kabisa, kisha akauliza: karani akipiga simu kuthibitisha, nani atapokea? Kampuni ilikuwa na desturi ya kupiga, na asiyepokea nafasi yake huuzwa. Mama wa kiti cha magurudumu alichagua kiti cha mbele bila shida, ila hakukuwa na mahali pa kusema ana kiti kingine cha kubebwa kwenye buti, akajua atagombana na utingo stendi kama kawaida. Skrini zilikuwa sawa. Huduma ndiyo iliyokuwa haijafikiriwa.

Kuna kampuni zinazotaka kuruka yote haya kwa kuwafunga wabunifu wao vitambaa machoni kwa saa moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema, basi tulale. Lakini saa moja inakufundisha hofu ya mtu aliyepoteza macho asubuhi hiyo. Haikufundishi ustadi wa mtu aliyeishi hivyo miaka ishirini, na wabunifu hutoka pale na huruma nyingi na mawazo mabaya.

Kuhusu idadi, ile hesabu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, kwamba watu watano wanatosha kuonyesha matatizo mengi, iliyoenea tangu 2000, ilihusu watumiaji wanaofanana. Asiyeona, kiziwi na anayetetemeka mikono hawakwami mahali pamoja, kwa hiyo watano uliochanganya hivyo ni mmoja mmoja tu. Afadhali watatu wa kundi moja mwezi huu, watatu wa jingine baada ya marekebisho.

Malipo ni sawa na ya mshiriki mwingine yeyote kwa saa. Kikao kikichukua mara mbili, kama cha mkalimani kinavyofanya, analipwa mara mbili. Nauli naituma kabla ya siku, yake na ya msindikizaji. Namba ya kumtumia pesa namuuliza tukiwa wawili, kwa sababu laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la kaka au mume, na ukituma bila kuuliza huenda pesa zikaishia hapo. Gharama hizi ziandikwe kwenye bajeti siku mnayokubaliana kazi. Zikisubiri hadi wiki ya vikao, mhasibu atakata mkalimani wa pili, halafu wa kwanza.

Ukiwa na nafasi ya kufanya kitu kimoja tu wiki hii, washa TalkBack kwenye simu yako, funga macho, ujaze fomu yako ya mwaliko hadi mwisho.