Semina za taaluma kwa wahandisi wa biomolekuli si darasa la wasifu

Nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi hodari wa shahada ya kwanza ya uhandisi wa biomolekuli (uhandisi unaotumia protini, jeni na molekuli nyingine za viumbe hai) hapa Marekani, kama anaweza kuziacha semina za maendeleo ya kitaaluma kwa kuwa wasifu wake umeshakamilika. Swali hili linanichosha, ingawa simlaumu anayeuliza, kwani ratiba nyingi za semina hizo zimejaa mafunzo ya kupanga wasifu na kujibu maswali ya usaili, mambo yenye manufaa yanayoweza kumalizika kwa saa moja. ABET, shirika linalotoa ithibati kwa programu za uhandisi, linadai matokeo 7 kwa mwanafunzi, na miongoni mwake mawasiliano, maadili na kazi ya pamoja yamewekwa sambamba na utatuzi wa matatizo ya kihandisi.

Insulini ya binadamu ilitengenezwa ndani ya bakteria mwaka 1978, lakini idhini ya kuiuza Marekani ilitoka mwaka 1982. Katika miaka hiyo jeni lilikuwa tayari limepatikana; iliyobaki ilikuwa kazi ya kukuza uzalishaji, kusafisha protini, kuijaribu kwa wagonjwa na kuthibitisha kila dai kwa maandishi yanayoweza kukaguliwa na mtu asiyekuwapo. Hiyo ndiyo taaluma ambayo semina inapaswa kuifungua.

Ninalotaka lieleweke kuliko yote ni tofauti kati ya kutenda na kubuni. Mwanafunzi aliyesafisha kimeng'enya kwa kromatografia (mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika) majira yote ya kiangazi, kwa kufuata maelekezo aliyopewa, amefanya kazi halisi na anastahili kuitaja, lakini kwa sheria ya Marekani ya hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kazi hiyo peke yake haimfanyi kuwa mvumbuzi, kwa sababu mvumbuzi ni yule aliyechangia wazo lenyewe. Kinyume chake, mwanafunzi aliyependekeza badiliko la asidi amino (kijenzi cha protini) lililokuja kuwa kiini cha uvumbuzi anaweza kustahili kutajwa hata kama hakushika pipeti, na orodha ya wavumbuzi iliyokosewa isiporekebishwa inaweza kuibatilisha hataza. Anayeandika kwamba yeye ndiye aliyebuni, ilhali alitekeleza tu, hajapamba wasifu. Ametoa dai la kisheria asiloweza kulitetea.

Jambo hilo linakwenda pamoja na bango la utafiti, ambalo wanafunzi huliona kuwa zoezi la kuongea mbele ya watu. Bango likionyeshwa hadharani kabla ya ombi la hataza kuwasilishwa, Marekani humwachia mvumbuzi mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi, lakini chini ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya upya wa uvumbuzi, ambao ni sharti la kupata hataza, kwa kawaida huwa umekwisha kupotea siku ileile. Sioni kwa nini mtu afundishwe ukubwa wa herufi za bango kabla ya kufundishwa kumwuliza msimamizi wake kipi kinaruhusiwa kuonekana.

Kumbukumbu za uzalishaji nitazigusa kwa ufupi: kanuni za dawa za Marekani zinataka rekodi ya kila kundi la dawa lililotengenezwa kwa mkupuo mmoja imtambulishe aliyefanya kila hatua muhimu na aliyeisimamia au kuikagua. Anayezoea kujaza daftari la maabara mwishoni mwa juma kwa kukumbuka ana tabia ya kuacha mapema.

Nina shaka kuhusu wakati. Wa mwaka wa kwanza hajawahi kuona bioriakta (chombo cha kukuzia seli) ikichafuliwa na bakteria wa kigeni, hivyo maneno haya humpita. Nikiyasogeza hadi mwaka wa tatu, yanamkuta ameshafanya mafunzo ya vitendo bila kuyajua. Kuyarudia katika miaka yote miwili kunakula saa za masomo mengine, na wenzangu wanaofundisha thermodinamiki wana haki ya kulalamika. Hata hivyo ningeyarudia, nikianza na kurasa halisi za daftari zilizofichwa majina, ili wanafunzi wabishane nani alibuni, nani alitekeleza, na ushahidi uko mstari gani.