Mwigizaji wa uhusika ni nani? Mfano wa Victor McLaglen

Mwigizaji wa uhusika ni yule anayepewa kazi kwa sababu ya aina ya watu anaoweza kuwavaa: sajini mkorofi, baharia mlevi, bondia aliyechoka, mzee wa kijijini mwenye maneno mengi. Steringi tunamfuata kwa jina lake, na hata hadithi ikibadilika tunataka abaki yuleyule tuliyemzoea. Huyu mwingine sura yake tunaijua vizuri sana, ila jina mara nyingi halitujii.

Hollywood ya miaka ya 1920 na 1930 iliwategemea mno watu wa namna hii. Studio kubwa ziliwafunga waigizaji kwa mikataba na kutoa filamu mfululizo, na hadithi haikuwa na nafasi ya kumweleza kila anayeingia. Kifua kipana, pua iliyokula ngumi na mwendo wa mtu aliyezoea ugomvi vilitosha kumtambulisha. Enzi ya filamu zisizo na sauti jambo hilo lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mwili ndio uliokuwa ukisema.

Sura ya Victor McLaglen haikutengenezwa na studio. Alizaliwa Uingereza mwaka 1886, mtoto wa kasisi. Akiwa kijana mdogo alijiunga na jeshi akidanganya umri. Baadaye alivuka kwenda Kanada na kuishi kwa mieleka na ndondi. Machi 1909, mjini Vancouver, alipigana raundi 6 za maonyesho na Jack Johnson, Mmarekani aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu, aliyekuwa ameutwaa ubingwa huo miezi michache tu kabla. Johnson alimzidi kwa mbali, lakini McLaglen alimaliza raundi zote akiwa wima. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka Baghdad kama afisa wa jeshi la Uingereza. Alipoanza filamu London mwaka 1920, na kisha kuhamia Hollywood katikati ya muongo huo, alikuwa tayari ameishi maisha ya wahusika ambao angelipwa kuwaigiza.

Mwaka 1926 alimcheza Kapteni Flagg katika "What Price Glory", filamu ya vita isiyo na sauti. Waliojua kusoma midomo walilalamika kwamba yeye na mwenzake Edmund Lowe walikuwa wakitukanana matusi mazito ambayo hayakuandikwa popote kwenye maandishi ya skrini. Miaka minane baadaye, katika "The Lost Patrol", alikuwa sajini wa kikosi kilichopotea jangwani Mesopotamia (Iraki ya leo, uliko mji wa Baghdad), nchi ileile aliyoitumikia kweli.

Hapo ndipo watu wengi hukosea kuhusu dhana hii. Hudhani mwigizaji wa uhusika haigizi, anajileta tu kama alivyo. Itazame "The Informer" ya 1935, iliyoongozwa na John Ford. McLaglen ni Gypo Nolan, pande la mtu lisilo na kazi mjini Dublin mwaka 1922, anayemuuza rafiki yake kwa polisi kwa pauni 20. Mapema kabisa anabandua tangazo la kumsaka rafiki huyo na kulitupa. Upepo unalisukuma mpaka linamng'ang'ania mguuni. Halafu usiku kucha anazitapanya zile pesa, anawanunulia watu wasiomjua samaki na pombe, anacheka kwa sauti kubwa, huku macho yake yakihangaika kama ya mtu anayesikia hatua nyuma yake. Ule mwili uliozoeleka kutisha sasa unatia huruma. Kuna hadithi maarufu kwamba Ford alimlewesha kwa hila ili apate alichokitaka. Kwangu mimi hadithi hiyo inampunja. Ulevi haumpi mtu uwezo wa kubeba filamu nzima namna ile.

Filamu hiyo ilimpa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, na aliwashinda watatu waliotoka katika filamu moja, "Mutiny on the Bounty": Clark Gable, Charles Laughton na Franchot Tone. Wakati huo hakukuwa na tuzo ya mwigizaji msaidizi, kwa hiyo wote walishindanishwa katika kundi moja. Mwaka uliofuata kundi la wasaidizi likaanzishwa, na mara nyingi ule msongamano wa watatu hutajwa kuwa ndio uliochochea mabadiliko hayo. Wa kwanza kulishinda kwa upande wa wanaume alikuwa Walter Brennan. Yeye alipoteza meno mengi katika ajali mwaka 1932, na kwa kuvaa au kuvua meno ya bandia aliweza kucheza vizee akiwa bado na umri wa miaka 40 na kitu. Alishinda mara 3 hadi kufikia filamu za 1940, lakini kila mara alikabidhiwa kibao tu. Sanamu kamili ya dhahabu wasaidizi walianza kupewa baadaye.

Usichanganye basi mwigizaji wa uhusika na mwigizaji msaidizi. Usaidizi ni ukubwa wa nafasi katika filamu moja, ilhali uhusika ni aina ya kazi ambayo mtu hudumu nayo maisha yake yote. McLaglen alipita pande zote mbili. Baada ya Oscar yake alirudi kuwa sajini mlevi mwenye moyo mwema katika filamu za Ford za askari wa farasi, kati ya 1948 na 1950. Kisha katika "The Quiet Man" ya 1952 akawa Will Danaher, tajiri wa kijiji cha Ireland anayezichapa na John Wayne kuanzia mashambani hadi mlangoni mwa baa, huku kijiji kizima kikiwafuata na kuweka dau. Alikuwa amevuka miaka 60, na bado ngumi zake zinaaminika. Safari hii alipendekezwa kwa tuzo ya msaidizi, ikaenda kwa Anthony Quinn. McLaglen aliendelea kuigiza hadi karibu na kifo chake mwaka 1959.