Ikulu ya Magogoni si nyumba ya Sultani

Mwezi huu ni mteja wa tatu kuniwekea mezani picha ya Ikulu ya Dar es Salaam: "Fundi, nataka ya Kiarabu kama hii ya Sultani." Mimi ni msanifu majengo, ila "fundi" nimeshazoea. Hilo la Sultani ndilo limenishinda.

Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860, akafariki 1870 kazi haijafika mbali. Ukitaka kuona jengo la enzi zake, nenda Boma la Kale, Barabara ya Sokoine. Ikulu ya Magogoni walijenga Wajerumani, makazi ya gavana wao. Mwishoni mwa 1914 manowari za Waingereza zikaipiga mizinga nyumba hiyo. Vita ikaisha, nchi ikawa mikononi mwa Waingereza haohao, na gavana wao hana pa kukaa! Wakaijenga upya, 1922. Matao yanayowadanganya watu ni ya J.H. Sinclair, Mwingereza aliyekaa Zanzibar miaka mingi akichora majengo ya serikali kwa nakshi za Kiarabu. Mahakama Kuu ya Vuga, kulekule Zanzibar, ni yake pia. Jina lenyewe, ikulu, limetoka bara: kwa Wasukuma na Wanyamwezi ndipo anapokaa mtemi.

Kibaya zaidi, wateja hubeba tao wakaacha baraza, ule ukumbi wa nje wenye kivuli. Matao ya Magogoni yapo kwa sababu ya baraza pana zinazozuia jua lisigonge ukuta na kupokea upepo wa bahari. Tao la zege lililobandikwa ukutani, nyuma yake kioo kitupu na kiyoyozi kinachonguruma mchana kutwa, ni urembo wa keki. Hela ikipungua, futa matao yote unibakishie baraza ya mita mbili na nusu. Utanishukuru Februari.

Mengine wanayokosea watu, upesi. Beit al-Ajaib si Ikulu ya Zanzibar. Ni jumba la sherehe la Sultani Seyyid Barghash, la 1883. Ikulu ya kule ilikuwa makazi ya mwakilishi wa Uingereza. Mwalimu Nyerere naye hakuishi Magogoni miaka yake yote ya urais. Alikuwa na nyumba yake Msasani, akaenda kukaa huko. Na Ikulu ya Chamwino, Dodoma, iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023, haikuifuta ya Magogoni. Imefuata sura yake, matao na yote.

Juzi nimeletewa picha ya Chamwino. Nayo ya Sultani, eti.