Mwangalizi wa uchaguzi hawezi kusimamisha kura
Iwe Manzese au Mbagala, jijini Dar es Salaam, wengi huamini kwamba raia aliyejitolea kuangalia uchaguzi anaweza kusimamisha upigaji kura akiona kasoro. Hawezi. Huingia kituoni kwa kibali cha tume ya uchaguzi, kitambulisho shingoni, na kazi yake ni kutazama na kuandika: kituo kimefunguliwa saa ngapi, sanduku limeonyeshwa tupu kabla ya kufungwa kwa lakiri, nani kasaidiwa kupiga kura. Anayeweka pingamizi ni wakala wa chama. Anayeamua ni msimamizi wa kituo. Kuwachanganya kunaeleweka, maana mara nyingi hukaa benchi moja. Ukitaka kuhakiki, soma kitambulisho, kisha itazame fomu ya matokeo inayobandikwa kituoni: ina nafasi ya sahihi za mawakala, ya mwangalizi haimo.